Shemeji na Vyuma Vyake

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, analipwa kukandamiza tope. Yeye kazi hiyo huiita utaalamu, na mbele ya wageni hulieleza jambo hilo mpaka chai ipoe. Kazi yenyewe ni hii. Meli huleta mabomba yaliyojaa udongo wa mfinyanzi kutoka chini ya bahari. Shemeji hukata kipande chembamba, hukibana ndani ya pete ya chuma, hukilaza katika maji ya chumvi, kisha hukitwisha uzito wa vyuma. Maji hukamuka, udongo hubonyea, na mshale wa saa ndogo iliyo juu yake huonyesha umebonyea kiasi gani. Mshale ukitulia, uzito huongezwa mara mbili. Ukitulia tena, mara mbili tena. Wanaojenga gati wanataka kujua litazama kiasi gani, na hilo sina neno nalo.

Kwa tope ana subira ya ajabu. Maabarani kwake mlango haubamizwi, mshale usije ukashtuka. Siku niliyompelekea funguo alinipokea kidole mdomoni, nami mtu mzima nikanyata kwa heshima ya tope.

Kanuni hiyo ya kuongeza uzito akaihamishia nyumbani. Kwanza alimleta mama yake, mwanamke asiyeona chakula kisicho na kasoro. Mdogo wangu alilalamika, kisha akanyamaza. Shemeji akaona mambo yametulia, akamleta kaka yake na mkewe. Mdogo wangu alilia, akanyamaza. Wakaletwa watoto wanne wa kaka. Mdogo wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake ilitoka chumbani ikaenda kibarazani, ikaishia stoo nyuma ya magunia.

"Shemeji, unammaliza mdogo wangu," nilimwambia.

"Mbona hasemi kitu?" alinijibu. "Ametulia."

Alisema hivyo bila hila yoyote, na hapo ndipo aliponichefua. Angekuwa mkorofi ningejua pa kumshika. Huyu alimwangalia mkewe kama anavyoangalia ule mshale, na kila mkewe aliponyamaza, yeye akaenda kutafuta chuma kingine. Kusoma kote kule, na mke hajui kumsoma.

Alipotangaza kwamba shangazi zake nao wako njiani, mdogo wangu aliitoa cherehani stoo, akaja nayo kwangu. Hakugombana na mtu.

Baada ya siku kadhaa shemeji akabisha hodi, amechomekea shati.

"Mke wangu, wote wameondoka," alisema. "Mama yuko kwa dada, kaka kapanga kwake. Shangazi nimewazuia. Chumba chako cha kushonea kipo. Turudi."

Nilitaka kumfukuza, ila mdogo wangu alinikata jicho. Akasimamisha cherehani.

"Hebu niambie. Ukishauondolea udongo vyuma vyote, unarudi ulivyokuwa?"

 Shemeji angeweza kudanganya. Lakini maskini wa Mungu, kuhusu udongo hajui kudanganya.

"Unavimba kidogo," alisema. "Kidogo tu. Haufiki ulipokuwa."

Mdogo wangu alimmiminia chai, akamsogezea kikombe.

"Basi kidogo chenyewe ndicho hiki," alisema. "Kunywa. Ukitoka, usibamize mlango."