Lalamiko Lako Limeshughulikiwa

Kazini walimwita Bi Subiri, kwa sababu siku nzima hilo ndilo neno alilowaambia watu kwenye simu. Subiri kidogo mama, subiri kidogo kaka, nakuandikia. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti laini, na kampuni ilimlipa kwa ajili ya sauti hiyo. Kampuni ilitengeneza ngazi za alumini za kukunja, zile ambazo fundi huzitia begani asubuhi na kurudi nazo nyumbani jioni. Mteja akiwa na shida alimpigia Bi Subiri, naye aliiandika kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kuipeleka idara nyingine, na palepale mstari uliokuwa mwekundu ukageuka kijani. Kijani maana yake kazi imekwisha. Mteja naye akaletewa ujumbe kwenye simu yake: Lalamiko lako limeshughulikiwa, asante kwa kutuamini.

Wakubwa waliupenda ukijani huo kupita kiasi. Kila Jumanne walijifungia chumba cha mikutano, kila mkuu akaonyesha ukutani jinsi idara yake ilivyo kijani tupu, wakapongezana, wakanywa chai. Bi Subiri mwenyewe alishawahi kupewa fulana ya mfanyakazi bora, na tusimwonee, aliivaa kwa furaha.

Furaha hiyo iliingia nyongo Jumatatu moja asubuhi. Alipiga mama mmoja ambaye hakufoka, na huko kutofoka ndiko kulikomtisha Bi Subiri. Alisema mwezi uliopita alishaeleza kwamba komeo la mguu wa kushoto wa ngazi ya mumewe linaachia mtu akiwa juu. Mumewe alikuwa fundi umeme. Mara ile aliteleza, akachubuka goti tu, wakamshukuru Mungu na kuiweka ngazi pembeni. Kisha ukaja ujumbe.

"Mliandika limeshughulikiwa," yule mama alisema. "Tukajua basi, iko salama. Akapanda tena. Sasa yuko hospitali, kiuno kimevunjika, na mimi nakuuliza wewe, mlishughulikia nini?"

Bi Subiri alifungua mdomo aseme subiri, akajizuia. Aliahidi kumpigia kesho yake asubuhi, akaweka simu chini. Kilichomshika hakikuwa huruma peke yake. Mdogo wake, fundi rangi, alikuwa na ngazi ya aina ileile. Yeye ndiye aliyemnunulia, kwa bei ya wafanyakazi, siku kijana alipoanza kujitegemea. Na wiki hiyo mdogo wake alikuwa akipaka rangi ukuta wa nje wa shule ya ghorofa.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliinuka kitini na kulifuata lile lalamiko kwa miguu yake. Mauzo walimwambia ndiyo, liliwafikia, ila wao ni watu wa kuuza, kwa hiyo walilipeleka idara ya ubora. Ubora walilikumbuka vizuri sana. Walilipeleka ghala, maana wao hupima ngazi wanazoletewa na ghala, na ghala haijawaletea hata moja yenye shida. Ghala wakacheka. Wao wanapokea na kutoa, habari za makomeo zinawahusu nini? Walilirudisha dawati la wateja likiwa na alama ya taarifa tu.

Dawati la wateja ni yeye. Na kwa utaratibu wa kampuni, kila kilichoandikwa taarifa tu hufutwa Ijumaa mchana ili mashine isijae. Alikuwa akivifuta mwenyewe, bila kuvisoma, huku akijiimbia. Kila idara ilipiga danadana yake, ikajipatia kijani chake, na mwisho wa yote yeye ndiye aliyeutupa mpira jalalani.

Alirudi kitini damu ikimchemka, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Aliwakasirikia vijana wa mauzo na tai zao. Aliwakasirikia wa ubora, wanaopima wanacholetewa na kufumbia macho kinachowaangusha watu. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni yule mwanamke mwenye fulana ya mfanyakazi bora. Habari kwamba mtu anaanguka ilipita mikononi mwa watu wazima wenye akili zao, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na roho mbaya. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Angempata mwovu, angalau angemrukia.

Jioni alikwenda shuleni na viatu vyake vya ofisini. Mdogo wake alikuwa juu kabisa, brashi mkononi, redio ndogo ikiimba dirishani. Alipomwambia ashuke, kijana alicheka, akauliza kama amekuja kumsaidia au kumletea nuksi. Bi Subiri akamweleza yote, komeo, kiuno, hospitali. Mdogo wake aliitikisa ngazi akiwa hukohuko juu, ikatulia tuli. Alisema ameipanda mwaka mzima, na mwenye kazi anautaka ukuta wake kesho.

"Dada, ingekuwa mbovu, kampuni ingesema," alisema. "Si kila wiki wananitumia ofa za ndoo na mikokoteni? Namba yangu wanayo. Siku wakisema nisipande, nashuka."

"Mimi ndiye ninayekwambia usipande."

"Wewe ni dada yangu. Wewe hata baiskeli ulinikataza."

Alitamani kumvuta mguu amzabe vibao kama enzi zile. Badala yake alivua viatu, akaushika mguu wa kushoto wa ngazi kwa mikono miwili, akasimama hapo mpaka mdogo wake alipofunga kazi, rangi ikimdondokea nyweleni. Waligombana muda wote huo bila kutazamana. Kesho hangeweza kuwa pale kushika, na wote wawili walilijua hilo.

Jumanne wakuu walikuwa chumbani mwao na ukuta wao wa kijani. Bi Subiri alimpigia yule mama kama alivyoahidi, akamuuliza kama angependa kuzungumza na wakubwa wa kampuni wenyewe. Mama akasema angependa sana. Bi Subiri akamuunganisha moja kwa moja na simu ya spika iliyokaa katikati ya meza ya mkutano. Kupitia mlango wa kioo aliwaona wakishtuka. Maneno hakuyasikia. Aliona tu mkuu wa mauzo akimwonyesha kidole mkuu wa ubora, wa ubora akamwonyesha wa ghala, na wa ghala, kwa kukosa wa kumwonyesha, akabaki ameikodolea macho simu.

Mkurugenzi alitoka, akaja hadi kwenye dawati. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Ngazi hizo zitazuiwa ghalani, kimyakimya, wakati wanafanya tathmini. Kuhusu simu ile, watakuja kuongea. Kwa sasa awatumie waliolalamika ujumbe wa kawaida, wasije wakakimbilia magazetini.

"Ujumbe gani?" Bi Subiri aliuliza, ingawa alijua.

"Uleule. Kwamba limeshughulikiwa."

"Na walionunua ambao hawajalalamika?"

"Hao ni wa mauzo. Wana utaratibu wao."

Namba za wanunuzi wote zilikuwa ndani ya mashine ya Bi Subiri. Humo ndimo zilimotoka zile ofa za kila wiki, na hakuruhusiwa kuzigusa namba hizo bila kibali cha mauzo. Kampuni iliwajua watu hawa mmoja mmoja ilipotaka kuwauzia ndoo. Leo viuno vyao viko hatarini, wamekuwa watu wa idara nyingine. Alijua anamwaga unga, na unga wenyewe ndio uliolisha nyumba yake. Mkurugenzi alipogeuka tu, alichagua wanunuzi wote, akafuta asante kwa kutuamini, akaandika: Usipande ngazi yetu ya kukunja. Komeo linaachia, watu wameumia. Akabonyeza.

Mstari ukageuka kijani.

Haukupita muda, mkurugenzi na mkuu wa mauzo wakaja mbio kuvuka ukumbi, kila mmoja na simu mkononi, nyuso zimewaiva. Walipofika mbele yake, simu yake mwenyewe ikalia. Aliipokea.

"Dada, kumbe kweli," mdogo wake alisema. "Kampuni imesema."

Alitaka kumtukana na kulia kwa wakati mmoja. Jana tu aliishika ngazi hiyo hadi vidole vikafa ganzi, na haikutosha.

"Uko wapi?" alimuuliza.

"Nimeshuka. Niko chini, nimekaa kwenye debe la rangi."

Mkurugenzi alimwamuru akate simu mara moja. Bi Subiri alimwinulia kiganja.

"Subiri kidogo," alimwambia, akaendelea kumsikiliza mdogo wake.