Moto wa Nyanya Uliobaki Kisiwani

Wewe unayesoma, nivumilie. Mwandiko wangu umeinama kama mtu aliyebeba gunia, na mahali pengine nimekosea maneno nikayafuta hadi karatasi ikatoboka. Nilisoma mpaka darasa la nane tu, na tangu hapo mkono wangu umezoea usukani wa baiskeli kuliko kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua jioni mbili. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo. Mimi ni mtu wa haya. Hata abiria akinielekeza njia isiyo sawa, huwa ninampeleka huko huko alikosema, kisha ninarudi naye bila neno.

Kazi yangu ni hiyo ya kubeba watu kwa baiskeli hapa Busia, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda. Tangu asubuhi ninabeba akina mama na mikungu yao ya matoke, na wasafiri wenye masanduku yanayonigonga mgongoni. Mwaka huu nilianza kuamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Rafiki yangu mmoja, anayeuza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori kwenye foleni ya Malaba, aliniangalia siku moja akasema, "Boss, umekauka kama omena. Si ulisema kwenu ni kisiwani? Tupeleke tukalale." Rafiki wa pili, fundi wa baiskeli aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Uganda, akamgeukia, akamwita bwana kwa lugha ya kwao. "Ssebo, huyu hata kwao ataogopa kubisha hodi."

Nyanya, ambaye ndiye aliyenilea, alifurahi kusikia safari hiyo. Alinishika mkono akasema, "Nenda upumzike, mjukuu wangu. Lakini kabla hujanywa hata maji, uniangalizie moto wangu."

Nikueleze moto huo ulikuwa nini.

Kisiwa chetu ni kile kidogo unachokiona ziwani ukisimama Sio Port asubuhi ukungu ukiondoka. Nilikulia huko katika nyumba ya udongo yenye jiko la nje, lenye mafiga matatu na paa la nyasi lililokuwa jeusi kwa moshi. Asubuhi niliamshwa na kelele za bata na za akina mama wakitandaza omena, wale dagaa wadogo, kwenye nyavu kuukuu juu ya mawe. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kufukuza ndege wasile omena hizo, nikiwa na kipande cha muhogo mkononi. Mchana tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi na mzito, na mchuzi wa samaki aina ya ngege ambao nyanya aliutia mboga ya mrenda kidogo. Harufu ile ya samaki na moshi iliingia kwenye daftari zangu, na mwalimu alipokusanya kazi zetu alijua yangu bila kusoma jina.

Na katikati ya yote hayo ulikuwa moto. Nyanya aliukuta ukiwaka kwa mama mkwe wake siku alipoolewa, na hakuwahi kuuacha uzimike. Kila jioni alisukuma kigogo kizito katikati ya mafiga, akakifunika na majivu makavu. "Funika, usizike," alikuwa akiniambia, maana majivu yakizidi, moto hukosa pumzi. Asubuhi alifukua kwa kijiti, akapuliza mara mbili, na kaa lilikuwa pale, jekundu. Kisha majirani walianza kuja na vigae vya vyungu. Kila mmoja alisimama mlangoni akasema, "Mama, moto," naye akampa kaa moja. Mwalimu hakuja mwenyewe. Alinituma mimi, na nilikimbia na kigae kile mpaka vidole vikaungua kwa sababu niliona haya kukiweka chini watu wakiniona. Kiberiti kilikuwepo dukani. Lakini kwetu mtu aliyewasha jiko lake kwa kiberiti alionekana kama amegombana na watu.

Nilipokuwa darasa la sita, gugumaji lilifunga ufuo. Wewe uliyekuwepo unakumbuka. Asubuhi ziwa lilikuwa shamba la majani, mitumbwi imekwama ndani yake kama imepandwa. Watu walianza kuhama, familia moja moja, kila moja kwa ndugu zake bara. Mjomba wangu alitutafutia chumba cha kupanga Busia, lakini mwenye nyumba hakutaka kuni wala moshi. Kwa hiyo siku ya kuondoka nyanya alichota moto wake wote, makaa na kigogo, akavuka ua na kuupeleka kwa jirani, mama mmoja mjane ambaye nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu. Alimwambia, "Nitunzie. Nikirudi nitakuja kuomba kama wengine."

Kule Busia mjomba humtania sana. "Mama, ulishahama, nunua kitanda kizuri." Nyanya humjibu vile vile kila mara: "Sijahama. Moto wangu uko kwetu. Siku ukizimika ndipo nitakuwa mgeni kule, nami sitarudi kulala katika mlango wa mtu kama mgeni." Hasemi kwa hasira, lakini hatanii.

Basi tulikwenda, sisi watatu. Mtumbwi ulipenya gugumaji kwa shida, watu wawili wakisukuma majani kwa miti, na yule wa mayai akiuliza kila saa kama tumekwama. Nyumba yetu niliikuta imeanguka upande mmoja, na mbuzi wa mtu wamelala ndani. Sikusimama kuiangalia sana. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa jirani. Kaa lilikuwa pale chini ya majivu, jekundu kama zamani. Nilichuchumaa mbele yake, nikasikia mabega yangu yakishuka.

"Umekonda," jirani aliniambia. "Na hawa je?"

"Ni wenzangu, mama. Tumekuja kupumzika."

"Kupumzika!" Alicheka. "Watu wa mjini. Haya, pumzikeni."

Siku tatu zile sikufanya kitu. Tulioga ziwani mahali ambapo upepo ulikuwa umesukuma majani pembeni. Fundi alifundishwa na watoto kuvua kwa ndoano na hakupata hata mmoja. Yule wa Malaba alilalamika kwamba hawezi kusinzia pasipo honi za malori, akamwomba fundi ampigie honi kwa mdomo. Siku ya nne jirani alisema anataka kupeleka omena zake soko la Sio Port, na alale huko kwa dada yake. Aliniuliza jambo moja tu. "Moto, unakumbuka kuutunza?"

"Ninakumbuka, mama."

Ninakuambia ukweli, wenzangu sikuwaambia chochote. Niliogopa wangenicheka, na hadithi ingefika Malaba kabla yangu, kila dereva aniite mlinzi wa majivu. Nilisema moyoni kwamba moto ni kazi yangu mimi, wao hauwahusu.

Mchana ule, jirani akiwa ameshaondoka, tulipika ngege wawili wakubwa, tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Nilitandika mkeka kwenye kivuli cha jiko. Upepo ulitoka ziwani, kuku wakawa wanakwaruza karibu na kichwa changu, na nikalala. Sijui nikuelezeje usingizi ule. Tangu tuhame sikuwahi kulala hivyo. Hakuna aliyekuwa ananingoja, hakuna kengele, hakuna mtu wa kusema "haraka". Nilipofungua macho jua lilikuwa limeshuka upande wa Uganda.

Yule wa mayai alikuwa amekaa juu ya jiwe, uso ukimeremeta kwa kuridhika. "Boss, umelala kama maiti. Tumeosha sufuria, jiko nimefagia, na moto nimekuzimia. Kuni zimebaki nusu nzima. Mama akirudi atatusifu."

"Umezima na nini?"

"Na maji. Ulitaka nizime na soda?"

Usimlaumu. Kule Malaba, na hata kwetu Busia, ndivyo mtu mwenye adabu hufanya. Ukimaliza kupika kwa mtu unanyunyizia makaa yake maji ili yabaki ya kesho. Anayeyaacha yaishe ndiye mbaya. Nilikwenda jikoni nikatia vidole. Majivu yalikuwa kama uji uliopoa. Nilichimba mpaka chini, nikageuza kigogo, nikakivunja kwa jiwe. Ndani kilikuwa cheusi.

Ndipo nikawaeleza. Fundi aliacha kucheka katikati. Yule wa mayai akauliza, "Sasa kwa nini hukusema?"

Fundi alitoa kiberiti mfukoni. "Ssebo, moto ni moto." Nikamwambia angoje. Kama majirani wote walichukua kutoka kwa nyanya, basi moto wake ulikuwa bado katika nyumba nyingine, na ningeweza kuurudisha. Nilichukua kigae. Mwenzangu wa Malaba alitaka kwenda nami abishe hodi yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyezima. Nikamkatalia. Hakuna aliyemjua.

Nyumba ya kwanza alitoka mke wa mtu, mdogo kama mimi. "Moto wa kuomba? Kaka, sisi tunatumia jiko la mafuta. Chukua kiberiti, bora urudishe." Nyumba ya pili ni ya mzee anayeshona nyavu. Alikiangalia kigae changu. "Wangu ulikufa mvua ya mwaka jana," akasema. "Nikasema nitakwenda kwa jirani yenu kesho kuchukua mwingine. Kesho hiyo bado haijafika." Kwa mwalimu nilikuta majani yameota mlangoni. Nilibisha hata hivyo, sijui kwa nini.

Mwisho nilimkuta bibi kizee mmoja ufuoni akipara samaki. Alimkumbuka nyanya, akakumbuka na mimi nilivyokuwa nikikimbia na kigae. Nilipomwambia shida yangu alitikisa kichwa. "Waliobaki na moto ule ni wale waliohama," akasema. "Watu wa Butula waliubeba. Wa Matayos. Na yule mama aliyekwenda kwao Namboboto. Waliuweka kwenye vigae, wakaukinga upepo kwa kanga. Mtumbwi niliwasukumia mwenyewe."

"Moto ulifika huko, mama?"

"Kijana, nani alirudi kuniambia?"

Nilirudi. Nikachukua kiberiti cha fundi nikawasha. Ulishika kwa njiti ya kwanza, upesi, kama moto wowote.

Jirani alirudi kesho yake mchana. Aliingia jikoni, akatazama sakafu iliyofagiwa, akapitisha nyuma ya kiganja juu ya majivu mapya. Yule wa mayai akaanza, "Mama, ni mimi..." Jirani alimnyamazisha kwa mkono.

"Mlipumzika?"

"Tulipumzika, mama."

"Na huyu alilala?"

"Alilala mpaka tukaogopa."

"Haya," akasema, akaanza kupika.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka ufuoni. Wenzangu walitangulia mtumbwini. Alisema pole pole, akitazama yale majani. "Miaka minne sikulala nje ya kisiwa hiki hata mara moja, kwa sababu ya moto ule. Dada yangu aliugua, nikamwona mchana na kurudi. Juzi ndiyo mara ya kwanza. Nililala mpaka jua likanikuta kitandani." Akajifunga kanga vizuri. "Mimi pia nilikuwa nimechoka. Nyanya yako mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nyanya alikuwa mlangoni nilipofika, anamenya njugu. Hakuuliza habari za safari. "Moto wangu?"

Nikasema, "Unawaka, nyanya."

Alifunga macho kidogo, akaendelea kumenya. Kesho yake alimwomba mjomba gunia. Ameshatia ndani sufuria yake ndogo, kijiti cha kufukulia alichokuja nacho kutoka kisiwani, na kigae kimoja. Anasema gugumaji likipungua tu, atarudi, na ataanza kwa kusimama mlangoni kwa jirani na kuomba kama wengine. Kila anayetoka ziwani humuuliza majani yamefikia wapi, na mimi kila anayejibu kwamba yanapungua ninamkasirikia moyoni.

Siku hizi nimerudi kwenye baiskeli. Nimechoka vile vile. Kinachonisumbua si kwamba nililala, ni kwamba ninautamani usingizi ule tena. Ninafikiri juu ya wale akina mama waliokuwa wakipanga mstari na vigae vyao, na sauti zao, "Mama, moto." Hakuna anayeomba kitu kwa mwenzake namna hiyo katika safu yetu ya vyumba vya kupanga. Kila mlango una kiberiti chake.

Kwa hiyo ninakuandikia wewe uliyepanda mtumbwi na kigae ukikikinga kwa kanga, wewe wa Butula, wewe wa Matayos, wewe mama wa Namboboto. Labda jikoni kwako bado unasukuma kigogo kila jioni, unafunika bila kuzika. Kama ni hivyo, niandikie. Maneno mawili yananitosha, hata yakiwa na makosa kama yangu. Mpe barua mwendesha baiskeli yeyote anayekuja geti la Busia, umwambie ni ya kijana wa moto. Hadithi ilinitangulia, na sasa wote wananijua kwa jina hilo, na sioni haya tena. Na kama kwako pia ulizimika, niandikie vile vile, ili nijue, nipate kumwambia ukweli kabla hajapanda mtumbwi.

Lakini kama unawaka, usijisumbue kuuleta. Nitakuja mwenyewe na kigae, na nitabisha hodi.