Siku Vuai Alipokuwa Abiria

Vuai alikuwa amepanda meli mara nyingi kuliko manahodha wengi, na hajawahi kufika popote. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mchukuzi katika bandari ya Mkoani, Pemba. Meli ikifunga gati, yeye na wenzake hupanda ngazi na magunia, majiko na mabegi ya watu, wakayapanga mahali pake, wakashuka. Honi ya kwanza ikilia, maana yake ni moja tu: asiye na safari ateremke. Vuai huteremka, akajifuta jasho kwa kanga kuukuu anayojitupia begani, akaitazama meli ikienda zake Unguja.

Kwa hiyo alipokata tiketi tatu, ya kwake, ya mkewe Mwanamize na ya binti yao Ruweida, wenzake walimtania wiki nzima. Walimuuliza kama atatafuta mchukuzi au atajibebea mwenyewe. Vuai alicheka nao, lakini kwake jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Ruweida alikuwa na miaka kumi na tano, amefaulu vizuri mtihani wa kidato cha pili, na baba mtu alimwahidi kumpeleka Unguja kwa shangazi yake, wakatembee siku tano. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu ya pili alikaa nayo moyoni. Tangu mwaka jana, Ruweida akipita bandarini na wenzake wa skuli, humwona baba yake na gunia mgongoni, kisha hugeukia upande wa pili. Vuai aliliona hilo, hakumwambia mtu, hata mkewe, na lilimuuma sana. Alitaka, japo kwa hizo saa chache za kuvuka, mwanawe akae karibu naye mbele za watu asione haya.

Basi alijitayarisha kama bwana harusi. Kanzu ilipigwa pasi mara mbili. Asubuhi walikuwa wa mwanzo kupanda, maana hakuna anayezijua nafasi nzuri za meli ile kama yeye, akawapatia viti vya dirishani, mbali na moshi na mbali zaidi na choo. Kwenye mfuko alikuwa na kaimati, visheti, ndimu za kunusa kichefuchefu kikija, na karata. Kichwani alikuwa na vitendawili kumi na viwili alivyovikusanya wiki nzima. Asije mtu akasema Vuai hakumchangamsha mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa ameshachomeka hedifoni masikioni.

"Ruweida, chukua kaimati mwanangu."

"Nimeshiba, baba."

"Basi tucheze karata."

"Watu wanatuangalia, baba."

Vuai akageuka kutazama. Hakuna aliyekuwa na habari nao, isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa ndio kwanza anaingia na mama yake. Alikuwa Yumna, anayesoma darasa moja na Ruweida. Mama mtu alipomwona Vuai, uso ulimkunjuka.

"Afadhali nimekuona, Mzee Vuai. Begi langu liko pale mlangoni, mwenzio limenishinda."

Mtu mwingine angejibu kwamba leo naye ni msafiri. Lakini Vuai hajapata kutajiwa begi akabaki amekaa. Bibi yule hajamaliza kusema, yeye alishafika mlangoni, akalitia begani na kanzu yake nyeupe ile ile, akampelekea mpaka kitini.

Aliporudi, Ruweida alikuwa amegeukia dirishani, mtandio ameuvuta hadi puani.

"Lakini na wewe, Baba Ruweida," Mwanamize akamnong'oneza. "Hata leo?"

"Begi zito lile," akasema Vuai. 

Akakaa, anajilaumu. Kisha akaona bora ajaribu silaha ya mwisho. Akainama upande wa binti yake, akasema kwa sauti ndogo, "Kitendawili."

Ruweida aliendelea kutazama dirishani. Halafu, pengine kwa kumwonea huruma, akachomoa hedifoni ya sikio moja.

"Tega."

Vuai alifurahi hata akasahau atege kipi. Akakohoa, akafungua kinywa, na hapo hapo honi ya kwanza ikalia.

Sasa, miguu iliyofanya jambo moja miaka ishirini na sita haingoji kuulizwa. Vuai alisimama, akatengeneza kofia yake, akapita katikati ya viti akisema "Njia jamani, njia," akateremka ngazi pamoja na wachukuzi wenzake na jamaa waliokuja kuaga. Akasimama gatini mahali pake pa kila siku. Akapeleka mkono begani kutafuta kanga ya kufutia jasho, asiikute. Mwenzake mmoja akamtazama juu mpaka chini.

"Vuai, weye si ndo unosafiri leo?"

Vuai aligeuka na kukimbia. Mabaharia walikuwa wameshaanza kufungua kamba za ngazi.

"Abrahman, ningoje yakhe. Miye msafiri."

Abrahman, baharia wa mlangoni, alikuwa akimjua Vuai miaka kumi, na miaka yote hiyo alimwona akishuka. Akacheka.

"Nenda zako, Mzee Vuai, tumeshachelewa. Hiyo tiketi i wapi?"

"Iko huko juu kwa mke wangu."

"Basi na yangu iko kwa mke wangu," akasema Abrahman, na watu wa gatini wakaangua kicheko.

Vuai hakucheka. Ngazi ilishaanza kunyanyuka, na jambo lililompitia moyoni lilikuwa baya kuliko kuachwa. Aliwaza kwamba huenda mtoto akashukuru. Atavuka na mama yake kwa raha, wala hatakuwapo wa kumtia aibu.

"Msiondoe ngazi. Baba yangu hajapanda."

Sauti ilitoka juu. Ruweida alikuwa amesimama ukingoni mwa meli, mtandio umemwangukia mabegani, tiketi kaishika juu, anapiga ukelele kama anayenadi samaki. "Huyo ni baba yangu. Vuai mchukuzi ni baba yangu. Tiketi yake hii hapa."

Abiria wa upande ule wote walikuwa wamegeuka, Yumna na mama yake miongoni mwao. Ruweida hakuwajali. Alirudia tena, na tena, mpaka Abrahman akapanda kuitazama tiketi, kisha akamtazama Vuai na kanzu yake kama ndiyo anamwona leo. Ngazi ikashushwa.

"Niwie radhi, Mzee Vuai," akasema Abrahman. "Karibu ndani."

Kwa miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwambia karibu kwenye ngazi hiyo.

"Baba," Ruweida akamuuliza walipokaa, "ulikuwa unakwenda wapi?"

"Hata miye sijui, mwanangu. Honi imelia, nikaenda."

Ruweida akacheka mpaka akajishika mbavu, na Mwanamize akacheka pia. Walipokuwa kati ya bahari mtandao ukakatika, hedifoni zikaingia mfukoni, na kaimati zikapata walaji. Yumna naye akaja, akatoa shikamoo, akajibana kwenye kiti cha pembeni.

"Mzee Vuai," akauliza, "kitu gani kizito kabisa ulichowahi kubeba?"

Vuai alimtupia jicho binti yake. Alikuwa tayari kuyageuza mazungumzo, atege kile kitendawili chake, wasirudi tena kwenye habari za mizigo.

"Mwambie lile la kabati, baba," akasema Ruweida.

Vuai alishangaa. Kisa hicho alikisimulia mara moja tu, Ruweida akiwa na miaka sita au saba, amemlalia mapajani ana homa, naye alidhani mtoto keshalala. Akajiweka sawa.

"Basi lilikuwa kabati la bibi harusi wa Mtambile, limetoka Unguja. Mbao tupu, milango miwili."

"Mitatu," akasema Ruweida. "Mitatu, baba. Na mmoja ulikuwa na kioo, na wewe ukaogopa kukivunja, ukashuka nalo ngazi kinyumenyume."

"Mitatu," Vuai akakubali, akamsogezea binti yake kaimati, akaanza kisa upya.