Masharti Niliyomwandikia Bett

Siku yangu ya kwanza kazini niligundua kwamba mizani ya klabu ilikuwa inadanganya. Ilikuwa mizani kuukuu ya kupimia magunia ya majani chai, na klabu ya ndondi ya Kapsoit iliitumia kupima mabondia kabla ya pambano. Mimi nilikuwa mwandishi wa klabu. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina na kilo, basi. Lakini sikuweza kuandika namba nisiyoiamini. Nilimwomba mwenye duka jirani pakiti kumi za unga wa kilo mbili mbili, nikazipanga juu yake. Ikasoma nusu kilo zaidi. Vijana wawili walikuwa wamejinyima chakula tangu jana yake kwa ajili ya hiyo nusu kilo. Mwenyekiti wa klabu alinitazama nikirudisha unga dukani.

"Wewe dada," akasema, "utafika mbali ama utafukuzwa mapema."

Nilifika Kericho mjini, nikafanya kazi ya kupanga mapambano, kisha nikastaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Najua mama yangu, ambaye bado anakamua ng'ombe kila asubuhi, huwa anacheka nikijiita mstaafu. Lakini katika ndondi miaka huhesabiwa vingine. Nawaandikia nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii, na nitasema hata nilipokosea. Nimeandika aya hii mara sita nikijaribu kujitoa kwenye lawama, na mara zote sita imekataa.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama mapambano kwenye simu na kuandika kila raundi kwenye daftari: nani alirudi nyuma, nani alichoka kwanza, nani aliinamisha kichwa. Mpanga mapambano ndiye anayetafuta nani apigane na nani. Bondia mchanga humpa mtu atakayemfundisha bila kumvunja. Bondia mkubwa humpa mtu ambaye watu watatoka nyumbani kumtazama. Mtu akimpa mchanga mpinzani mkali mno, amemuua kabla hajaota.

Promota wa Kericho, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, aliniita ofisini kwake baada ya kuona daftari langu. Aliniita kairetu, yaani msichana kwa Kikuyu chake, na hakuacha hata nilipozoea kazi.

"Kairetu," aliniambia siku ya kwanza, "kila mtu anajua kutafuta ngumi. Mimi nakulipa ujue nani asikutane na nani."

Aliyepaswa kutokutana na mtu alikuwa Bingwa wetu wa uzito wa kilo sitini na moja. Na mtu mwenyewe alikuwa Bett, mchuma chai wa Kimulot, mshoto. Mshoto ni taabu kwa bondia yeyote, kwa sababu ngumi zake hutoka upande ambao mwili wako haujazoea kuulinda. Bett alikuwa mshoto mwenye nguvu, na tena hakujulikana nje ya Bomet kwao. Hapo ndipo ilipo siri ambayo mashabiki hawaipendi. Bingwa akimshinda mtu kama huyo, watu watauliza, kwani huyo ni nani? Akishindwa, ameupoteza mkanda kwa mtu huyohuyo. Hatari yote iko upande mmoja.

Lakini Bingwa hakatai pambano. Akikataa, magazeti yatamwita mwoga. Kwa hiyo Promota alinifundisha kukubali. Unaandika barua ya heshima, unakubali pambano kwa furaha, halafu unaweka sharti ambalo yule mwingine atalikataa mwenyewe. Niliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi. Nilirudia kila barua mpaka isiwe na kosa hata la nukta, nikajivunia.

Bett alipoomba pambano, barua ya kwanza ilisema mkanda hautashindaniwa. Wakakubali. Ya pili ilitaka glavu nzito, zinazopunguza makali ya ngumi. Wakakubali. Tukasema Bingwa ameumia mkono, tungoje. Wakangoja. Kila jibu lilikuja kwa simu kutoka kwa meneja wa Bett, ambaye alikuwa mke wake, Mama Faith. Nilikuwa nasikia majani ya chai yakikatika huku akiongea.

"Wewe ndio unaandikanga hizo barua?"

"Ndiyo, mama."

"Kiswahili chako ni kitamu kama maziwa ya mursik. Sasa ambia hao wakubwa wako Bett anakubali. Wakitaka apigane akiwa amefungwa kamba, waandike tu, mimi nitaleta kamba."

Miaka mitatu ilipita hivyo. Bett alikuwa na thelathini na moja tulipoanza. Sasa alikuwa na thelathini na nne. Promota akaniambia niandike sharti la mwisho: kilo hamsini na tisa, apimwe asubuhi ya pambano lenyewe. Kwa kawaida bondia hupimwa siku moja kabla, ili apate muda wa kunywa maji na kula. Nikaandika. Mama Faith akakubali. Ndipo wasiwasi uliponishika, nikapanda kwenda Kimulot kujionea mwenyewe.

Nilimkuta Bett shambani, karibu na msitu, anachuma chai saa sita ya jua huku amevaa nailoni chini ya sweta mbili ili jasho limpunguze kilo. Midomo ilikuwa imepasuka. Alinisalimu kwa adabu, "Chamgei," na sauti ilitoka kavu kama ganda la mahindi.

"Amekunywa maji lini?" nikamuuliza Mama Faith.

"Jana alilamba kijiko." Hakuwa anacheka sasa. "Si ni nyinyi mlisema hamsini na tisa? Huyu mtu hana mwaka mwingine. Nikikataa, mtasema Bett alikimbia."

Mtu aliyekauka hivyo akipigwa kichwani anaweza asiamke. Nilikuwa nimelisoma hilo, nilikuwa nimelipigia mstari kwenye daftari langu, na bado nilikuwa nimeandika hamsini na tisa kwa mwandiko mzuri.

Nilirudi ofisini nikamwambia Promota kwamba sitaandika sharti lingine, na lile la mwisho nalifuta. Bingwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, akasimama.

"Unafikiri mimi naogopa ngumi?" akaniuliza. "Mimi nimepigwa tangu darasa la saba. Nilikwepwa miaka minne, unajua? Nilikuwa kwa mjengo, nabeba kokoto, simu iko kwa mfuko, nangoja ilie. Nikianguka kwa Bett narudi huko."

"Basi wewe unajua anavyongoja," nikasema.

Akaketi tena. "Andika sitini na moja," akasema. " Na mkanda uwe juu ya meza."

Nilitarajia Promota apige kelele. Akafunga tu kalamu yake. "Sasa ni sawa," akasema, kwa utulivu ambao sikuuelewa.

Walipigana Kericho, ukumbi ukiwa umejaa mpaka madirishani. Raundi mbili za kwanza mkono wa kushoto wa Bett ulimrusha Bingwa kwenye kamba, na watu wa Bomet wakapanda juu ya viti. Raundi ya nne nikaona. Mkono ulikuwa uleule. Miguu ndiyo iliyokuwa imebaki Kimulot. Bingwa alianza kuzunguka, naye Bett akawa anafika pale ambapo Bingwa ameshaondoka. Majaji wote watatu walimpa Bingwa, na walikuwa sahihi.

Promota aliniinamia. "Kairetu, ulidhani tunamkimbia? Tulikuwa tunangoja azeeke. Barua zako zilifanya kazi."

Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Nikaandika ungamo kwa Bett, nikalirudia mara tatu, nikalipeleka Kimulot mwenyewe. Nilianza kulisoma kwa sauti katikati ya mashina ya chai. Akanizuia kwenye mstari wa pili.

"Dada, ngoja. Miaka mitatu mimi nimempiga huyo Bingwa kila usiku kitandani. Kila usiku nashinda."

"Mimi ni shahidi," Mama Faith akasema. "Siku moja alinipiga kiwiko hapa."

"Sasa nimepigana na yeye mwenyewe. Ile raundi ya pili, ulimwona macho? Hiyo ni yangu, hakuna mtu ataandika barua ya kuichukua." Akaendelea kuchuma. "Siku hizi nalala tu."

Sikubaliani na msamaha uliokuja upesi hivyo. Bado nadhani nilimnyima pambano la haki, na nyinyi mtakaopewa kalamu hiyo mkumbuke kwamba kila sharti linakula mwaka wa mtu. Lakini msamaha ni wake, si wangu wa kusahihisha.

Mama Faith alinitupia kikapu. "Kama umestaafu, shika. Majani mawili na chipukizi, usilete mabua."

Nikachuma nao mpaka saa kumi. Alipokagua kikapu changu alitupa nusu yake, akicheka mpaka akashika kiuno, nami nikamwacha atupe.