Sauti Iliyobaki Ndani ya Kanda

Mama yangu alifariki nikiwa sijatimiza miaka miwili. Wiki tatu zilizopita aliniita, mchana kweupe, nikiwa kwenye kibanda cha fundi. Sikuwa naota.

Msinicheke kwanza. Hata mimi ningecheka.

Nyumbani tulikuwa na kanda moja tu ya video, ya siku nilipotimiza mwaka. Mama yuko sebuleni, kavaa gauni la maua, ameinama anaongea kuelekea nyuma ya televisheni. Huko nyuma vimechomoza vimiguu vyangu viwili.

Midomo yake inakwenda, ila sauti haipo. Ni muziki wa dansi mwanzo mpaka mwisho.

Nimekua nikijaribu kuisoma ile midomo. Nikimuuliza baba mama alikuwa anasema nini, jibu lilikuwa lile lile.

"Kamera ilikuwa mbovu. Nikaweka muziki."

Ukiuliza mara ya pili, anatoka nje.

Sasa kanda imezeeka, imeota ukungu, na mke wangu ni mjamzito. Nikasema potelea mbali, naihamishia kwenye kompyuta kabla haijaoza, mwanangu aje amwone bibi yake.

Nikaenda kwa fundi wa vyombo vya zamani, mzee tunayemwita Bwana Waya. Akaipokea kanda, akainusa. Kweli tena, akainusa!

"Nitaisafisha, lakini usiichezeshe ovyo. Imebakiza mizunguko miwili tu hii."

Akaweka deki mbili mezani. Moja ndogo, nyepesi, inang'aa. Nyingine jitu zito la zamani, vumbi tupu, na haliruhusiwi kutoka kibandani.

"Tumia hili kubwa. Linasoma sauti vizuri."

"Sauti ya nini, fundi? Kanda yenyewe muziki mtupu."

Mimi na ujuaji wangu! Nikabeba ile ndogo mpaka nyumbani, nikaiunganisha na kompyuta. Mama alipoanza tu kuinama, deki ikaitafuna kanda. Nilisikia utepe ukikunjika humo ndani, moyo ukanipasuka. Sina picha nyingine ya mama akitembea.

Nilirudi kwa fundi mbio, deki na kompyuta kwapani. Akautoa utepe taratibu, akaunyoosha kwa vidole kwa karibu saa nzima.

"Umebaki mzunguko mmoja," akasema mwishowe. "Safari hii utanisikiliza?"

"Nakusikiliza, mzee wangu."

Akaitia kwenye lile jitu. Nikaanza kurekodi.

Picha ikaja. Muziki haukuja.

Kwanza kimya. Kisha kiti kikaburutwa, mwanamke akacheka, cheko la kutoka tumboni.

Kisha sauti.

"Kijino! Unamtafuta nani huko nyuma? Mama yuko hapa."

Nywele zilinisimama. Niliruka mpaka nikaangusha kopo la misumari. Hakuna mtu aliyewahi kuniita Kijino maishani mwangu. Lakini kwenye kioo cha kompyuta vile vimiguu vilirudi kinyumenyume, nikatokea mimi, natabasamu, jino moja mdomoni.

"Fundi, umefanya nini?"

"Mimi? Hii kanda ina njia mbili za sauti. Moja iko pembeni mwa utepe, ndiyo deki ndogo zinasoma. Nyingine imelala pamoja na picha, hiyo inasomwa na hili kubwa. Aliyeweka muziki alifuta ile ya pembeni tu."

"Kwa hiyo kamera haikuwa mbovu?"

"Kamera ilikuwa nzima kuliko mimi na wewe."

Nilitoka pale nimefura. Nilimkuta baba nyumbani kwake, akipiga shati lake pasi. Hata salamu sikutoa.

"Baba, ulifuta sauti ya mama."

Akaisimamisha pasi.

"Baada ya msiba nilikuwa naiweka ile kanda nimsikilize. Na wewe ukimsikia unaingia nyuma ya televisheni kumtafuta. Nikikutoa, unalia mpaka unatapika. Kila siku, mwanangu. Ningefanyaje? Nilikuwa peke yangu."

Hasira yote ikaniisha. Nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Baba, sauti haikufutika yote. Ninayo hapa."

Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikabonyeza. Televisheni yake ilikuwa kwenye kona, imezimwa.

Kiti kikaburutwa. Mama akacheka.

Baba akaiacha pasi. Mzee wa miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile kona, akainama, akachungulia nyuma ya televisheni.

"Baba, unafanya nini?"

"Naangalia waya," akasema.

Na pale mezani mama akauliza: "Unamtafuta nani huko nyuma? Mama yuko hapa."

Baba hakuinuka. Nikamfuata, nikachuchumaa pembeni yake, tukalia wote wawili nyuma ya televisheni iliyozimwa.

Ndugu zangu, kama mna kanda za zamani, msichague mashine kwa wepesi wala kwa kung'aa. Msikilizeni fundi. Na mzazi akikwepa swali lako, usidhani amesahau. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku hizi baba ananiita Kijino. Nina miaka thelathini na minne, na meno yangu yote ninayo. Naitika.