Mwanakuu na Posa ya Kache

Mwalimu Mwanakuu wa mtaa wa Kuze alikuwa na wivu wa mke mwenza, na mume hana. Wivu wote ulikuwa juu ya Kache, mwalimu mwenziwe, msichana wa Kaloleni aliyefika mjini mwaka wa tisini na mbili na sanduku moja. Mwanakuu alimpa chumba cha juu nyumbani kwake, kodi asitake kuisikia. Mwalimu mwingine akimwita Kache wanywe chai, Mwanakuu humjibia: "Tuna kazi." Walimu wakacheka, wakaona ni mapenzi ya dada mkubwa. Mapenzi gani hayo yasiyomwachia mtu hata akajibu mwenyewe?

Kache hakulalamika, kwa kuwa Mwanakuu alikuwa ameishika siri yake. Sidi, mtoto aliyejulikana kwao kuwa mdogo wake, alikuwa mwanawe wa kumzaa. Kanze, mamake Kache, alimlea kama kitinda mimba wake ili binti arudi chuoni. Mjini, Kache alimwambia Mwanakuu peke yake.

Kisha akatokea Karisa, karani wa bandarini, akataka kuoa. Kache alikusudia kumweleza habari za Sidi kwa kinywa chake kabla ya posa. Siku Mwanakuu alipoambiwa posa inakuja, alisema "Alhamdulillahi", kisha akaunguza mahamri sufuria nzima.

Shangazi yake Karisa, Mbodze, alipiga hodi Jumamosi, Kache akiwa amekwenda kwao. Hiyo ndiyo desturi: kabla ya kupeleka posa, huulizwa yule anayeishi na msichana.

"Mwalimu, wewe ndiwe mamake hapa mjini," Mbodze akasema. "Twauliza tu. Ni mtu mwema?"

Jibu lilikuwa fupi, naye alilijua. Akammiminia mgeni kahawa polepole. Akilini akakiona chumba cha juu kitupu, Kache kishaolewa.

"Kache ni mwema sana," akasema. "Na mwanawe pia ni mtoto mzuri."

Mbodze akatua kikombe. "Mwanawe?"

"Kwani hamkuambiwa?"

Muuaji huyo, na sauti yake ya upole! Mbodze aliaga kabla kahawa haijapoa.

Posa haikuja. Jumamosi iliyofuata Kache alikwenda tena kwao, akarudi jioni, macho yamevimba, akaketi sakafuni miguuni pa Mwanakuu.

"Karisa ameniacha, dada. Shangazi yake amejua habari za Sidi, na hataki kusema kaambiwa na nani."

Mwanakuu akajitanda leso yake upya.

"Ni mama," Kache akasema. "Mwajua nyinyi wawili tu, na wewe huwezi kunifanyia hivi. Nimekwenda kumuuliza, akaapa kwa Mungu hakusema. Nimemwita mwongo mbele ya Sidi, mtoto akalia. Sirudi tena kwake."

Akainua uso. "Au nimemwonea, dada? Nambia."

Neno moja tu lingemrudishia Kanze binti yake, na Sidi mamake. Mwanakuu alilijua hilo vizuri sana. Alijua pia kuwa akilitamka, Kache ataondoka na sanduku lake kabla ya Isha.

Akakivuta kichwa cha Kache kwenye mapaja yake, akakipapasa.

"Nyamaa, mwanangu," akasema. "Mama ni mama, lakini wengine hawajui kufunga mdomo. Mimi nipo."