Kofia ya plastiki ndani ya moteri

Juzi hapa Kamembe nilikuwa naangalia ukungu ya ziwa, sawa muntu anaota ndoto, wakati papa moja, baba mwenye gari, alifika kwa baosha magari na bibi yake. Kesho yake gari ile ilipaswa kubeba mutoto yao kwenda kuolewa. Moteri, injini ya gari, ilijaa vumbi ya muchele anayobebaka kutoka Bugarama.

"Mwaga maji haraka!" Papa akasema.

"Hapana, Papa," muoshaji akasema. "Acha ipole kwanza, bado ni moto. Nitoe waya ya batri, nifunike alternateri, ile inachaji batri, na plastiki. Ikiingia maji, kesho mutaenda kanisani na miguu."

Plastiki itoke wapi? Kwetu sasheti, mifuko ya plastiki, zimekatazwa! Papa akageuka pole pole, akaangalia kichwa ya bibi yake. Juu ya nywele mupya, maman alivaa kofia ya plastiki, sababu mvula ilikuwa karibu.

"Usiniangalie vile! Nimetoka saloni sasa hivi!"

Papa akanyoosha mukono. Maman akaitoa.

Muoshaji akafunika alternateri na ile kofia, moteri ikapanguswa na kitambaa na maji kidogo, ikakauka, ikawaka vizuri. Mvula ikamukamata maman kabla aingie ndani ya gari. Nilicheka mpaka machozi! Nywele inamushukia kwa macho, naye anasikiliza moteri, anatabasamu sawa ndiye yeye anaolewa.

Bamaman bangu, semeni kweli: nyinyi mungeitoa hiyo kofia?